Nyumba ya Mgeni na Ardhi ya Mwenyeji

Limeingia swali katika vikao vyetu hapa Ubaruku, nalo halifai kujibiwa kwa haraka. Swali ndilo hili: Je, mtu aliyetoka nchi nyingine aweza kununua nyumba katika nchi yetu, ikawa yake kabisa, yeye na watoto wake? Na kijana wetu aendaye nchi za mbali, je, aweza kununua nyumba huko ikawa yake? Wako wasemao, "Mwenye fedha hununua kitu chochote." Wako na wengine wasemao, "Mgeni ni mgeni, hana nyumba." Sisi twaona ya kuwa maneno haya yote mawili ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli imewaponza watu wengi kuliko uongo mtupu. Basi tumekusudia kueleza habari za nyumba za wageni katika nchi zetu kwa muda wa miaka mia mbili hivi, ili kila msomaji apate kupima mwenyewe.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani nyumba na ardhi iliyo chini yake. Katika sheria ya Kiingereza kitu kilichojengwa juu ya ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Lakini kwa desturi zetu za bara, na kwa desturi za pwani pia, mtu aweza kuwa na nyumba juu ya ardhi isiyo yake, au kuwa na mnazi katika shamba la mwenziwe. Msomaji aishike tofauti hii, maana ndiyo mzizi wa ugomvi wote utakaofuata.

DESTURI YA KALE HAPA USANGU

Nchi yetu ya Usangu ni uwanda mpana chini ya milima ya Kipengere na Uporoto. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo hushuka milimani, nayo Ruaha Mkuu huyakusanya maji yake. Katika karne ya 19 nchi hii ilitawaliwa na ukoo wa Merere, watwa wa Wasangu. Watu wa misafara ya pwani waliiita Urori, na wenyeji wake Warori, wakaja kutafuta pembe za ndovu, na kwa aibu kubwa, kununua watu.

Mfanya biashara alipofika hakuuliza bei ya ardhi, kwa sababu ardhi haikuwa na bei. Alikwenda kwa mtwa na zawadi zake, akaeleza haja yake, akaonyeshwa mahali pa kujenga. Nyumba aliyoijenga ilikuwa yake, na hakuna aliyeweza kumtoa ovyo. Lakini alipohama mahali pale palirudi kwa wenye nchi, wala hakuweza kumwuzia mtu wa tatu. Na kama alikaa kwa ugomvi, aliondolewa. Ndiyo maana wazee walinena, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Jembe lile lilikuwa mwanzo wa haki yake, kwa kuwa mtu aliyelima pamoja na wenyeji, akazika wafu wake hapo, akaoza binti zake hapo, hakuitwa tena mgeni.

Wala Wasangu wenyewe si kwamba hawakuonja ugeni. Vita vya Wahehe, katika siku za Munyigumba na za mwanawe Mkwawa, viliwaondoa katika Utengule yao ya Usangu, wakakimbilia Usafwa, wakajenga Utengule nyingine huko Usongwe, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Nyumba zao za huko hawakuzinunua, walizijenga kwa nguvu ya silaha juu ya ardhi ya Wasafwa. Katika miaka ya 1890, nguvu ya Mkwawa ilipovunjwa na Wajerumani, walirudi kwao.

WABULUSHI

Katika wageni waliofika huku wako ambao uzao wao ungalipo, nao ni Wabulushi. Asili yao ni Makran, pwani kame ambayo leo imegawanyika kati ya Iran na Pakistan. Masultani wa Omani waliwaajiri kuwa askari, na Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, Wabulushi walikuja pamoja naye wakalinda ngome za pwani. Hata Burton, yule Mwingereza aliyesafiri kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857, alipewa askari wa Kibulushi wamlinde njiani. Wengine waliacha bunduki wakashika biashara, wakafuata njia za misafara, na baadhi yao wakafika Usangu wakakaa Rujewa na sehemu za jirani.

Hapa wengi wao walioa wake wa Kiafrika, wakajifunza lugha za hapa, na watoto wao wakawa na wajomba katika kila kijiji. Hata katika miaka ya 1930 na 1940 walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchimba mifereji ya kuyatoa maji mtoni na kulima mpunga wa kumwagilia katika uwanda huu. Leo mchele wa Mbarali wajulikana hata Dar es Salaam, na wengi wala wasijue asili ya kilimo kile.

Twawataja Wabulushi hawa kwa sababu waonyesha njia moja ya kupata nyumba katika nchi ya kigeni, yaani njia ya ndoa, kazi na ujirani. Ilichukua muda wa vizazi viwili au vitatu. Sasa tuitazame njia ya pili, iliyo ya upesi zaidi, yaani njia ya hati.

MAMBO YA PWANI

Huko Unguja na miji ya pwani nyumba za mawe ziliuzwa na kununuliwa tangu zamani mbele ya kadhi na mashahidi. Mwaka 1839 Seyyid Said alifanya mapatano na Waingereza, na ndani yake iliandikwa kwamba raia wa Uingereza wana ruhusa ya kununua, kuuza au kupanga ardhi na nyumba katika nchi za Sultani. Wafaransa walifanya mapatano yao mwaka 1844. Hivyo mgeni wa Ulaya alipata haki ya kununua nyumba Unguja kwa neno la mkataba, wala hakuhitaji kuoa wala kulima.

Lakini hata huko fedha haikumaliza kila shauri. Nyumba nyingi zilikuwa wakfu, nazo haziuzwi. Nyingine zilijengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na mnunuzi wa nyumba alipaswa kumlipa mwenye kiwanja kila mwezi au kila mwaka. Mombasa hata baada ya utawala wa Waingereza kwisha walikuwako maelfu ya watu wenye nyumba wasio na ardhi. Mgeni asiyeuliza alidhani amenunua vyote, kumbe amenunua kuta na paa tu.

Uko mfano mmoja wa pwani utakaowapendeza wasomaji. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kuufunga mnada wa watumwa wa Unguja. Uwanja wa mnada huo huko Mkunazini ulibaki mtupu. Padre mmoja kijana wa misioni ya Waingereza, Arthur West, alinunua sehemu yake kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu nyingine ikatolewa bure na Mhindi mfanya biashara, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Basi ardhi ile ilipatikana kwa njia mbili, fedha ya mmoja na hisani ya mwingine, na kanisa lasimama hata leo. Nadhari yetu ni hii, kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza, aliyetoa alitoa kwa hiari, na mji mzima ulijua.

KARATASI YA MSOVERO

Sasa tuione hati ya namna nyingine. Mwezi wa Novemba mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Unguja wakaingia bara. Kwa muda wa majuma machache waliandikisha mapatano na wakuu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Yanayokumbukwa kuliko yote ni yale ya Mangungo wa Msovero. Karatasi ile iliandikwa kwa Kijerumani. Ndani yake Mangungo ameandikwa kana kwamba ametoa nchi yake yote na kila haki iliyomo, milele, kwa ajili ya urafiki. Kwa desturi za wakati ule tungeweza kusema kwamba mkuu yule aliona amemkaribisha mgeni, kama mtwa wa Usangu alivyomkaribisha mtu wa msafara. Mgeni yeye alikwenda zake na karatasi, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa barua ya ulinzi juu ya nchi zile.

Hapo ndipo desturi mbili zilipogongana. Mmoja alitoa mahali pa kukaa, mwingine akapokea miliki. Neno moja lilitamkwa, wakasikia maneno mawili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1890 Sultani wa Unguja, Ali bin Said, aliiachilia Ujerumani pwani yake toka mto Umba mpaka Ruvuma, akalipwa mark milioni 4. Watu wa Bagamoyo, Kilwa na Lindi hawakuulizwa. Tarehe 26 Novemba 1895 ikatoka amri ya Kaisari ya kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya dola, isipokuwa ile ambayo mtu aweza kuonyesha kuwa ni miliki yake. Mwenyeji aliyelima shamba la babu yake hakuwa na karatasi, basi akawa kama mpangaji katika nchi yake. Mgeni aliyefika jana alipewa hati, akawa mwenye miliki.

WENYE HATI NAO HUPOTEWA

Msomaji aweza kusema, "Basi hati ndiyo ngao, mwenye nayo hashindwi." Historia yatujibu kwamba hati hudumu kwa kadiri ya dola iliyoitoa.

Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, mashamba na nyumba za Wajerumani zilitwaliwa kuwa mali ya adui, zikauzwa kwa mnada. Wahindi, Wagiriki na Waingereza wakazinunua. Tangu mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wakaja katika nyanda zetu za juu, Iringa, Mufindi na Mbeya, wakanunua tena na kujenga upya. Mwaka 1939 vita ya pili ilipoanza walikamatwa, na mali yao ikawekwa chini ya mtunza mali ya adui. Mtu mmoja katika maisha yake aliweza kununua nyumba mara mbili katika nchi ile ile na kuipoteza mara mbili, naye ana hati mkononi.

Waingereza nao walileta sheria yao. Walipopewa nchi hii waitunze kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, sharti la 6 la amana lilikataza ardhi ya wenyeji kupewa mtu asiye mwenyeji bila idhini ya Serikali. Mwaka 1923 sheria ya ardhi ilitangaza kwamba ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Hati za miliki za zamani ziliachwa, lakini tangu hapo mgeni alipewa haki ya kuitumia ardhi kwa miaka isiyozidi 99. Walowezi hawakuipenda. Mwezi wa Oktoba 1925 walifanya mkutano Tukuyu, ulioitishwa na Lord Delamere wa Kenya, wakataka nyanda hizi za kusini ziunganishwe na nchi nyingine za walowezi. Delamere alikuwa amepata ardhi upande wa Iringa. Lakini nyanda zetu hazikuwa kama zile za Kenya zilizotengewa Wazungu.

Wala tusidhani sheria ile iliwalinda wenyeji sawasawa. Idhini ilikuwa mkononi mwa Serikali, si mkononi mwa mwenye shamba, na aliyeweza kukataa aliweza pia kukubali. Mwaka 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki waliondolewa katika ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kueleza shauri lao. Yeye alikwenda ugenini kudai nyumba za kwao.

VIJANA WETU UGENINI

Ni haki kuyatazama mambo upande wa pili. Katika miaka ile ile vijana wengi wa nyanda za kusini walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na ya Afrika Kusini. Walikaa kampaundi, watu wengi katika chumba kimoja, na mkataba ulipokwisha walirudishwa. Huko Afrika Kusini sheria ya mwaka 1913 ilimzuia Mwafrika, hata mzaliwa wa nchi ile, kununua ardhi nje ya sehemu zilizotengwa, ambazo mwanzoni zilikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Basi kijana wa Rungwe aliyechimba dhahabu ya Johannesburg miaka kumi hakuweza kununua hata chumba cha kujifunika. Mshahara aliurudisha nyumbani, ukawa nyumba ya matofali na mabati kijijini kwake. Nyumba hizo alizijenga mgeni kwa jasho la ugenini, ila katika ardhi ya baba zake.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Serikali yetu iliendelea na ile kanuni ya kwamba ardhi ni ya umma, ikaishikilia kuliko Waingereza. Mwaka 1963 miliki zile za zamani zisizo na kikomo ziligeuzwa kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 zikawa haki ya kuitumia ardhi. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Baraza la Mapinduzi lilitangaza ardhi yote kuwa ya Serikali, na nyumba nyingi za mawe zikatwaliwa. Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kutwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi wa wenye majengo hayo walikuwa watu wa asili ya Kihindi, na baadhi yao walikuwa raia halisi wa nchi hii. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Walio wengi walisema ni haki, kwa kuwa kodi za nyumba zilikuwa zikimnyonya maskini. Wako waliosema ni dhuluma, kwa kuwa mzee aliyeweka akiba maisha yake yote alitolewa katika kazi ya mikono yake. Mwenye kusoma historia na asikie vilio vyote viwili.

Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao za Kampala na Jinja zikagawanywa kwa askari na marafiki. Mwaka 1982 sheria ilitungwa ya kuwarudishia wenyewe, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa. Lakini mtu aliyeondoka na sanduku moja, akazeeka London au Leicester, alirudishiwa kuta. Miaka yake hakurudishiwa.

SHERIA YA SASA

Leo Tanzania inafuata Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kwa sheria za uwekezaji. Ardhi ya kijiji hapewi kamwe. Ikiwa yatakiwa itumiwe na mwekezaji wa nje, lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla kwa mamlaka ya Rais; na ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa uhamisho huo. Halmashauri ya kijiji peke yake haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano. Kenya nayo, kwa katiba yake ya mwaka 2010, yampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99.

Kwa kijana wetu aendaye Ulaya au Marekani mambo ni mengine. Uingereza haimkatazi mgeni kununua nyumba. Lakini yafaa ajue mambo mawili. La kwanza, hati ya nyumba si ruhusa ya kukaa. Mtu aweza kuwa na nyumba London naye akakataliwa kuingia nchini. La pili, nyumba nyingi za ghorofa za London huuzwa kwa muda wa miaka 99 au 125, na ardhi ni ya mwingine. Muda ukiisha bila kuongezwa, nyumba humrudia mwenye ardhi. Huko nako kuta na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili.

YATUHUSUYO SISI

Mtu wa Ubaruku aweza kusema, "Habari hizi ni za miji mikubwa na za watu wa mbali." Sivyo. Uwanda wetu una maji na mpunga, na kila mwenye macho auona. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Wachina, ilifungua shamba kubwa la mpunga la Mbarali karibu nasi, na baadaye likafunguliwa la Kapunga. Mashamba hayo ya umma yaliuzwa kwa makampuni ya binafsi. Hati ya shamba la Kapunga, lililouzwa mwaka 2006, iliandikwa hekta 7,370, na wanakijiji wakadai kwamba hekta 1,870 kati ya hizo ni ardhi ya kijiji chao. Shauri hilo liliendelea miaka mingi, likafika mpaka kwa viongozi wakuu wa nchi. Tazama: wanunuzi hawakuja na bunduki, wala hakuna aliyepiga ngoma ya vita. Ilikuwa hesabu ya hekta katika karatasi.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo habari za Ibrahimu, mgeni kati ya Wahethi, alipotaka mahali pa kumzika Sara. Efroni alitaka kumpa bure. Ibrahimu hakukubali, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote walioingia langoni pa mji, na shamba, pango na miti yote ikatajwa. Mgeni yule alijua ya kuwa zawadi isiyo na mipaka huzaa ugomvi kwa wajukuu.

Basi, ndugu msomaji, akija mtu na fedha kutaka nyumba au shamba, awe ametoka nchi ya ng'ambo au mji wa jirani, na wewe ukienda kwa watu kutafuta nyumba, uliza maneno manne. Kinachouzwa ni nini hasa, kuta au ardhi, na kwa miaka mingapi? Anayeuza ana haki ya kuuza, au ni mtu mmoja auzaye cha wengi? Karatasi imeandikwa kwa lugha gani, na nani ameisoma yote kwa sauti? Mashahidi ni akina nani, na majirani wa mipaka yote minne wamejua? Mangungo wa Msovero hakuwa mjinga kuliko sisi. Hakupata mtu wa kumsomea. Sisi tunao watoto waliokwenda shule katika kila nyumba, na mkutano mkuu wa kijiji twapewa na sheria.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na tuwapokee wageni, kwa kuwa mpunga huu wenyewe tunaoula ulikuja na jembe la mgeni. Lakini siku ya mkutano wa ardhi asibaki mtu nyumbani, akina mama wasiachwe nyuma, na hati isitiwe sahihi kabla haijasomwa mpaka mstari wa mwisho.